Risiti inasema "Mali ikiuzwa hairudishwi." Je, pesa zangu ndiyo zimekwenda?

Salamu mshauri,

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Mombasa na ni mama wa watoto watatu. Nimeweka akiba kwenye chama, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, muda mrefu ili ninunue friji, maana joto la huku mnalijua, chakula cha mchana hakifiki usiku. Zamu yangu ilipofika nikaona tangazo la duka moja la vifaa vya umeme kwenye Facebook: friji ya milango miwili, "mpya kabisa, dhamana ya mwaka mmoja", Sh58,000. Nilikwenda dukani nikaikuta imefungwa plastiki. Wakaiwasha, taa ikawaka, nikaridhika. Nililipa kwa M-Pesa, nikapewa risiti, nikakodi pikapu ya Sh1,500 kuifikisha nyumbani.

Wiki haikuisha kabla sijaona mambo. Barafu haishiki, maziwa yanaganda na kuchacha, na mashine inanguruma usiku kucha. Nilimwandikia mwenye duka kwa WhatsApp. Akamtuma fundi wake, akajaza gesi, ikapoa kidogo kisha ikarudi vilevile. Akamtuma tena, hali ikawa ileile. Baada ya hapo akaanza kuniambia nisubiri fundi yuko safari, mara ni umeme wa kwetu, mara naifungua mlango sana.

Mwishowe jirani aliniletea fundi mwingine. Alipofungua kwa nyuma akaniita nione mwenyewe. Kompresa ni ya zamani, mabomba yamechomelewa upya na kupakwa rangi, na kibandiko cha namba ya mashine kimebanduliwa. Akaniambia, "Mama, hii ni kuukuu imekarabatiwa, si friji mpya."

Nilirudi dukani. Mwenye duka alinisikiliza, akachukua risiti yangu akanionyesha chini kabisa: "Mali ikiuzwa hairudishwi, pesa hazirudishwi." Nilipouliza kuhusu ile dhamana, akasema dhamana ni kadi, na mimi sina kadi. Kisha akasema kwa kuwa ananihurumia, niongeze Sh15,000 anibadilishie friji nyingine. Tangazo lenyewe ameshalifuta. Bahati nzuri nilikuwa nimempigia dada yangu picha ya skrini nikitaka ushauri wake kabla ya kununua, na bado iko kwenye simu yake.

Sasa ni zaidi ya miezi miwili. Mume wangu anasema niachane na mambo haya, nitatumia pesa nyingi zaidi kufuata hizo kuliko nitakazopata. Shemeji yangu anataka twende polisi, au tumwanike mtandaoni na picha yake. Mimi nataka tu pesa zangu. Je, hayo maandishi ya risiti yananifunga? Nimechelewa? Na mtu asiye na pesa ya wakili afanye nini?

Mama Watatu, Mombasa

*

Dada yangu Mama Watatu,

Pesa zako hazijapotea, na yale maandishi hayakufungi katika jambo hili. Nalisema hilo kwanza kwa sababu mstari huo umewanyamazisha wanunuzi wengi mno katika nchi hii. Mtu anaonyeshwa maneno yaliyochapwa, anadhani ni sheria, anabeba hasara yake kimya kimya. Inaniuma kila ninapopata barua kama yako, maana aliyeandika maneno hayo mara nyingi anajua hayana nguvu anayoyapa.

Maneno yale yana mahali pake. Ukinunua friji ya rangi moja kisha ukatamani nyingine, au ukafika nyumbani ukakuta haipiti mlangoni, muuzaji anaweza kukuambia hairudishwi, na atakuwa sawa, kwani hajakukosea. Mali ikiwa mbovu, au ikiwa siyo ile uliyoambiwa, hilo ni suala tofauti kabisa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1893, inaingiza masharti ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka. Bidhaa lazima ilingane na maelezo yake. Na ikiwa muuzaji ni mtu wa biashara hiyo, iwe ya ubora unaofaa kuuzwa. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilikuwa na mwanya, kwa sababu iliruhusu pande mbili kukubaliana kuyaondoa masharti hayo, na wauzaji wakautumia mwanya huo kuchapisha mistari kwenye risiti. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 iliuziba. Inasema masharti hayo yamo katika mauziano na mtumiaji, na sharti lolote la mkataba linalojaribu kuyafuta ni batili. Hata ungekuwa umetia sahihi chini ya mstari ule, bado haki yako ingebaki. Juu ya yote kuna Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayokupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa unazohitaji, na haki ya kulipwa fidia unapopata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa.

Kosa la mwenye duka halijaishia kwenye ubovu. Alikuambia ni mpya. Kuuza mtumba si kosa, na angekuambia ukweli na kukupa bei ya mtumba, leo tungekuwa tunauliza tu kama friji hiyo inafanya kazi inavyotarajiwa kwa kitu kuukuu cha bei hiyo. Lakini kusema bidhaa ni mpya ilhali imetumika au imekarabatiwa kunatajwa na Sheria ya 2012 miongoni mwa maelezo ya uongo, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza jambo hilohilo. Hiyo picha ya skrini iliyo kwenye simu ya dada yako ina thamani kuliko risiti. Mwambie asiifute, akutumie na wewe, na aihifadhi mahali pengine pia kabla simu haijaanguka kwenye maji.

Huenda atakuambia uliiona dukani ukairidhia. Ni kweli kwamba mnunuzi aliyekagua mali hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Mkwaruzo mlangoni ungekuwa hivyo. Mabomba yaliyochomelewa nyuma ya friji iliyofungwa plastiki si kitu anachotarajiwa kukiona mnunuzi wa kawaida, na taa kuwaka haithibitishi kwamba kompresa ni nzima.

Na dhamana? Ahadi aliyoitangaza ni ahadi, kuwe na kadi kusiwe na kadi. Zaidi ya hapo, dhamana inaongeza juu ya haki ulizopewa na sheria, haizipunguzi. Hata kama asingekuahidi dhamana ya siku moja, bado angewajibika kwa friji iliyokufa wiki ya kwanza.

Sasa suala la kuchelewa, ambalo nataka ulisome kwa makini kuliko mengine. Kuna haki mbili hapa na hazina umri sawa. Ya kwanza ni haki ya kuikataa mali na kudai bei yote. Hiyo haisubiri sana: mnunuzi akikaa na kitu kwa muda usio wa kawaida bila kumwambia muuzaji kwamba anakikataa, sheria inamhesabu amekikubali. Ya pili ni haki ya kudai fidia kwa hasara, na hiyo haipotei hata ukishahesabiwa umekubali mali. Kwa madai ya mkataba sheria ya ukomo wa muda inakupa miaka sita. Kwa hiyo hujachelewa kudai. Kuhusu kuikataa, una hoja nzuri: ulilalamika wiki ya kwanza kwa maandishi, na muda uliopita umepita ukimsubiri yeye atengeneze. Lakini usiupe muda huo nafasi ya kurefuka. Leo hii izime, itoe kwenye umeme, usiruhusu fundi mwingine aiguse, na mwandikie waziwazi kwamba unaikataa. Watu wengi hukosea hapa. Wanalalamika miezi kwa miezi bila kutamka neno "nakataa", huku wakiendelea kuweka maji ndani.

Wala huhitaji kukodi pikapu tena. Mnunuzi aliyekataa mali kwa haki halazimiki kuirudisha dukani. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa, na ni juu yake kuja kuichukua.

Kabla ya kuandika, mtafute yule fundi aliyeletwa na jirani. Mwombe aandike ripoti, hata ukurasa mmoja kwa mkono: jina lake, uzoefu wake, tarehe aliyoikagua, alichokiona, na kwa nini anasema friji hiyo si mpya. Apige picha za mabomba na pale kibandiko kilipobanduliwa. Muulize pia kama yuko tayari kuyasema hayo mbele ya mahakama, kwa sababu karatasi isiyo na mtu wa kuisimamia hupingwa kwa urahisi. Mlipe kwa kazi hiyo na umwombe risiti, nayo inaingia kwenye madai yako. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo usiufute. Mazungumzo ya WhatsApp yahamishe yote, ukiwemo ule ujumbe wake wa "umeme wa kwenu", kwani unaonyesha alijua kuna tatizo.

Angalia pia jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo. Mara nyingi jina la kwenye ubao wa duka ni moja, la kwenye malipo ni jingine, na la kwenye risiti ni la tatu. Ukishtaki jina la ubao peke yake unaweza kushinda kesi dhidi ya mtu asiyekuwepo. Omba upekuzi rasmi wa usajili wa biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ikiwa ni jina la biashara tu, unamshtaki mwenyewe anayefanya biashara kwa jina hilo. Ikiwa ni kampuni, unaishtaki kampuni.

Kisha andika barua ya madai. Isiwe na matusi wala vitisho, na isizidi ukurasa mmoja. Inaweza kuwa hivi:

"Mnamo tarehe fulani niliinunua kwako friji uliyoitangaza kuwa mpya, kwa Sh58,000, risiti namba fulani. Friji ilianza kushindwa ndani ya wiki ya kwanza, nikakujulisha siku hiyohiyo. Mafundi wako waliijaribu bila kufaulu. Ukaguzi wa fundi, ambao nakala yake nimeambatisha, unaonyesha kwamba imetumika na kukarabatiwa. Kwa hiyo naikataa friji hii. Naomba unirudishie Sh58,000 pamoja na Sh1,500 za usafiri na gharama ya ukaguzi, ndani ya siku 14 kuanzia leo. Friji iko kwangu, njoo uichukue ukishalipa. Usipofanya hivyo nitafungua madai mahakamani na kuomba pia gharama za kesi na riba."

Weka tarehe halisi na namba ya risiti. Mtumie kwa WhatsApp, na nakala uipeleke dukani ukiwa na mtu mwingine. Mwombe atie sahihi kwamba ameipokea. Akikataa, yule uliyekwenda naye ndiye shahidi wako. Baadhi ya wauzaji hulipa wakifika hapa, kwa kuwa wanatambua kwamba sasa wanazungumza na mtu anayejua njia.

Lile toleo lake la kuongeza Sh15,000 likatae. Ni kukutaka ulipe zaidi ili upewe kitu ulichokwisha kulipia, na hiyo friji ya pili itatoka kwenye ghala lilelile. Akikubali kukubadilishia bila nyongeza, amua mwenyewe kama bado una imani naye. Mimi nisingekuwa nayo.

Akinyamaza siku 14 zikaisha, una milango miwili, na unaweza kuigonga yote. Mmoja ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayopokea malalamiko ya watumiaji bila malipo na ina uwezo wa kumchunguza na kumwadhibu mfanyabiashara anayedanganya kuhusu bidhaa. Peleka malalamiko, maana huenda si wewe peke yako uliyeuziwa friji iliyopakwa rangi. Ila elewa kwamba kazi ya mamlaka ni kulinda soko zima, si kuwa wakili wako. Kama friji ina alama ya ubora unayoshuku ni ya kughushi, wajulishe pia Shirika la Viwango, KEBS.

Mlango utakaokurudishia pesa, kwa maoni yangu, ni Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa na sheria ya 2016 kwa ajili ya watu kama wewe hasa. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya kuuza bidhaa, na Mombasa ipo. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Mahakama hiyo haibanwi na kanuni ngumu za ushahidi, kwa hiyo picha za skrini na mazungumzo ya simu yako yatasikilizwa, ilimradi uweze kueleza yalitoka wapi. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Foleni inaweza kurefusha muda huo, lakini si ile miaka na miaka ambayo mume wako anaiogopa. Na rufaa dhidi ya uamuzi huo huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu, hivyo mwenye duka hawezi kuanza upya hadithi yake huko juu.

Utajaza hati ya madai, ulipe ada ya kufungua, kisha mdaiwa akabidhiwe nakala na apewe nafasi ya kujibu. Nenda kwenye masijala uwaulize ada na fomu, na kama mtandao wa kufungulia kesi unakusumbua, waombe wakusaidie. Usione haya kuuliza. Ofisi hiyo ni yako.

Kwenye madai, dai kile unachoweza kukithibitisha: bei, usafiri, malipo ya fundi, ada ya mahakama, riba. Kama una kumbukumbu ya vyakula vilivyoharibika, viorodheshe kwa kiasi cha kweli. Usiongeze laki kadhaa za usumbufu kwa kuwa mtu amekushauri uombe kikubwa upate kidogo. Madai yaliyovimba humfanya mwamuzi ayatilie shaka hata yale ya kweli.

Mume wako ana hofu ya haki katika jambo moja, nami sitalificha. Kushinda na kulipwa ni hatua mbili. Mdaiwa asipolipa baada ya hukumu, unarudi mahakamani kuomba utekelezaji, na hapo mali yake inaweza kukamatwa na dalali wa mahakama au akaunti yake ya benki kufikiwa. Kwa duka lenye mlango wazi na friji zimepangwa ndani, hilo ni tishio zito. Kwa muuzaji wa mtandaoni asiye na anwani lingekuwa jambo gumu zaidi, na ningekushauri tofauti. Mwonyeshe mume wako barua hii. Huenda akawa ndiye mtu wa kukusindikiza dukani kupeleka madai.

Shemeji naye amekasirika kwa ajili yako, na hilo ni jema, lakini msimfuate kwenye yote mawili. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo una haki ya kuripoti polisi. Ila polisi hawakusanyi madeni, kuthibitisha nia ya kudanganya ni kazi ndefu, na usimwambie kamwe mwenye duka "nilipe au nakupeleka polisi", maana maneno hayo yanaweza kukugeukia. Kumwanika mtandaoni ndiyo njia mbaya kabisa. Neno "mwizi" chini ya picha yake litampa kesi ya kukushtaki wewe kwa kumchafulia jina, na utaingia mahakamani kama mdaiwa badala ya mdai. Ukitaka kuwaonya wengine, subiri hukumu, kisha sema yaliyoamuliwa.

Jambo la mwisho. Wauzaji wengi hupiga simu siku chache kabla ya kesi kusikilizwa wakitaka mmalizane. Kubali mazungumzo, na ukubali pia kumpunguzia ukiona inafaa, lakini yaandikwe na kutiwa sahihi na nyote wawili. Friji isitoke kwako kabla pesa hazijaingia kwenye simu yako, na usiondoe kesi kwa ahadi. Akitaka kulipa kwa awamu, pelekeni makubaliano hayo kwa mwamuzi yaandikwe kuwa amri ya mahakama, ili akikosa awamu moja usilazimike kuanza kesi nyingine.